Puaro kwenye mawe ya volkano: mradi wangu wa samaki na mboga, Goma

Puaro (liki, mboga ya jamii ya vitunguu) za safu ya kwanza zimefikia unene wa kidole gumba. Za safu ya pili bado ni nyembamba. Samaki ni wazima wote, ila wanakula polepole, na kasi yao ndiyo kasi ya mradi mzima.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: nina tanki la plastiki la lita 1000, lile lenye fremu ya chuma. Nimelikata juu, na kile kipande cha juu kimegeuzwa kuwa kitanda cha mimea, kina cha sentimita 30, kimejaa mawe ya volkano. Chini wamo tilapia. Pampu inapandisha maji, saifoni (bomba linaloyavuta lenyewe kitanda kikijaa) inayateremsha, na humo kwenye mawe bakteria wanageuza amonia, yaani uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo ndiyo mbolea ya puaro. Mawe hayakunigharimu hata franga. Goma vitu vingi hukosekana lakini si mawe. Nilichagua yale mepesi yenye matundu, nikayasuuza mpaka maji yakatoka safi, kisha nikadondoshea siki machache. Yangetoa mapovu ningejua yana chokaa, na chokaa hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji: ikipanda, uchachu umepungua). Hayakutoa.

Kazi yenyewe ni maji. Maji ya Ziwa Kivu yana pH inayokaribia 9. Hapo amonia huwa sumu kali kwa samaki, na madini ya chuma hayafiki kwenye mizizi, kwa hiyo majani machanga yanatoka na michirizi ya njano. Maji ya mvua nayo huku kwetu yana mambo yake: moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia asidi na floridi. Mvua ikianza naiacha kwanza ioshe bati, ndipo nakinga. Tanki nililijaza zaidi maji ya mvua, nikaongezea ya ziwa kiasi.

Kisha kuna jambo ambalo limenifurahisha kuliko yote. Bakteria wakishazoea kazi, wao wenyewe hushusha pH kidogo kidogo. Kwingine watu hununua chokaa au potashi ya kuirudisha juu. Mimi namwaga maji ya ziwa! Yana bikaboneti nyingi, ambayo hupandisha pH, na juu yake magnesiamu na potasiamu ambayo mimea inaitaka. Kipimo kikishuka chini ya 6.5, bidoni moja ya lita 20 inatosha, nusu asubuhi na nusu jioni, maana pH ikiruka ghafla samaki ndio wanaoumia. Kalisi katika maji hayo ni haba, basi nimefunga maganda ya mayai kwenye kitambaa na kuyaning'iniza pale maji yanapodondokea.

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ubaridi huu puaro wanaupenda. Tilapia wanataka nyuzi 27 hadi 30, na alfajiri maji yangu yanakuwa kwenye 20. Mwongozo wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 2014 unasema gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Siku za mawingu wangu hawazimalizi, na chakula kinachobaki kinachafua maji tu. Sasa tanki limevikwa hema jeusi linalonasa jua, na nalisha mchana, si asubuhi.

Mama jirani anayeuza mboga soko la Virunga alikuja kutazama. Akainama, akashika shina moja, akauliza: «Papa, sasa udongo wa kupandishia utautoa wapi?» Swali la mtu anayejua kazi. Shambani shina hufukiwa udongo kadiri linavyokua ili liwe jeupe. Huku nikirundika changarawe itaingia kati ya majani, na supu yenye mchanga wa lava hailiki. Nimekata vipande vya tuyo (bomba) ya plastiki ya PVC vya sentimita 20, kila puaro imevaa chake. Kiwe kipana kuliko shina ili hewa ipite, na maji yaishie sentimita chache chini ya uso wa mawe, la sivyo shina linaoza.

Umeme ukikatika, betri ya sola inaendesha pampu ndogo ya hewa. Puaro zinaweza kungoja, samaki hawangoji.

Safu ya tatu inaingia wiki hii. Mama kanishauri nipunguze ncha za majani na mizizi kabla ya kuhamisha miche. Majani nitapunguza, mizizi naiacha, kwani ndiyo itakayoshika mawe. Amekwisha agiza fungu la kwanza, ila bei bado tunabishana.