Kabati la Chini ya Ngazi

Mwalimu alinipigia simu mapema Julai, mwezi ambao hapa Nakuru hata maji ya bomba huonekana kama yamelala nje. "Fundi, hita ya maji imekufa. Uje, lakini ukiweza uje na mtu mwembamba."

Nilicheka. Nilipofika mtaani kwake, Section 58, nikafunguliwa mlango wa kabati la chini ya ngazi, kicheko kiliisha. Upana sentimita 81. Mbele unasimama wima, ukienda nyuma ngazi inakushukia hadi unatambaa. Kulikuwa na gunia la mahindi, sufuria za matanga, baiskeli ya mjukuu isiyo na gurudumu, na mtungi wa gesi ambao niliutoa nje kabla hata ya kusalimiana vizuri. Huko mwisho kabisa, penye giza, ndipo fundi aliyenitangulia alipoitundika hita ya lita 50. Ilikuwa imekaa kwenye pembe kana kwamba imezaliwa humo, na kwa macho ilipendeza.

Ubaya wake ulionekana nilipoingiza spana. Chini ya hita hadi sakafuni palikuwa na sentimita 14. Elementi, kile chuma cha umeme kinachopasha maji, kwa hita ya aina hii huchomolewa kwa chini, na ile ilikuwa na urefu wa kama sentimita 30. Haitoki. Pembeni ya yuniani za maji, vile viungio vinavyofunguliwa kwa spana, palikuwa na ukuta, spana haina pa kuzunguka. Yaani ili kubadilisha elementi, kitu ambacho dukani hakifiki hata robo ya bei ya hita, ilinibidi nikate paipu na kuishusha hita nzima. Tulipoishusha tukakuta tangi lenyewe limeshatoboka kwa kutu. Ile anodi, fimbo ya magnesi inayowekwa ndani iliwe na kutu badala ya tangi, ilibaki waya mtupu. Hakuna aliyewahi kuibadilisha kwa sababu hakuna aliyeweza kuifikia.

Kwa hiyo kwangu kazi safi mahali finyu si paipu zilizonyooka tu. Ninauliza mkono utapita wapi miaka mitatu ijayo. Mara nyingi mkono wenyewe ni wangu.

Hita mpya tuliitundika ukuta wa pembeni, karibu na mlango, tumbo lake likiwa sentimita 70 juu ya sakafu. Hapo elementi inashuka bila kuomba ruhusa. Mwalimu alilalamika kwamba sasa inaonekana mlango ukifunguliwa. Ni kweli, inaonekana. Ikibaki nafasi ya sentimita 34 ya kupita, mtu anapita ubavu, na hilo nilimwonyesha mwenyewe kwa kuingia na kutoka mara mbili na tumbo langu hili.

Shida iliyofuata ilikuwa ukuta. Lita 50 za maji ni kilo 50, ongeza tangi lenyewe kama kilo 20, umepata mzigo usiofika mbali na gunia la mahindi la kilo 90, na unaning'inia kwa boliti mbili. Sasa jiwe tunalojengea huku ni la volkano, na mengi ni laini. Drili inaingia kama kwenye mkate wa juzi. Boliti ya kutanuka inashika siku ya kwanza, halafu inaanza kutafuna tundu lake taratibu. Sikuijaribu. Nilitoboa ukuta hadi upande wa pili, nikapitisha vyuma virefu vyenye nyuzi kama za boliti, na upande wa sebuleni nikaweka bamba la chuma nililokatiwa na fundi wa kuchomelea kule Shabab. Bamba hilo lilileta mjadala mrefu kuliko kazi yote. Mwalimu hakutaka chuma sebuleni. Mwishowe tulikubaliana lipakwe rangi ya ukuta, na juu yake ikatundikwa kalenda ya kanisa. Ukiingia leo huwezi kujua kwamba ile kalenda ndiyo mlinzi wa hita.

Paipu nilitumia PPR, zile za plastiki za kijani zinazounganishwa kwa joto. Mashine inafika nyuzi 260, paipu ya milimita 20 unaipa sekunde 5, unatoa, unasukuma moja kwa moja bila kuzungusha, unashikilia. Rahisi ukiwa umesimama uani. Ndani ya kabati, mashine ile na mikono miwili haviingii pamoja, na aliyewahi kuunguzwa kiwiko na bamba la nyuzi 260 hahitaji kuelezwa mara ya pili. Nikachukua boksi la friji kutoka kwa jirani, nikalikata kwa umbo la ukuta ule, nikachora kila kitu kwa ukubwa wake halisi: hita, maji baridi yanaingia kulia, ya moto yanatoka kushoto, valvu, kila kona. Mpwa wangu alilishikilia ukutani, nikasahihisha kwa penseli. Kisha tukalilaza verandani na kuchoma paipu zote juu yake kama mtu anayekata gauni kwa karatasi. Ndani ya kabati nilibaki na yuniani mbili tu za kukaza kwa spana. Siku ya kutoa hita hakuna atakayekata kitu.

Nilijisifu mapema. Siku ya pili usiku simu ililia. "Fundi, ngazi inaongea."

Nilikwenda asubuhi. Paipu ya maji moto inayotoka kabatini kwenda bafuni, mita 3 hivi, nilikuwa nimeinyoosha kama rula na kuibana vizuri kati ya kuta mbili. Sasa ilikuwa imepinda kama upinde, na kila ilipopoa ilijikwaruza kwenye klipu zake, kwa-kwa-kwa, chini ya kitanda cha Mwalimu. PPR tupu hutanuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Mita 3, joto likipanda nyuzi 40, ni milimita 18. Hesabu hiyo naijua, nimewafundisha vijana hesabu hiyo, na siku ile niliisahau kwa kupenda mstari mnyoofu. Niliikata, nikaipa kona mbili ipate mahali pa kujinyoosha, nikalegeza klipu, nikapanua tundu la ukutani. Gharama ilikuwa yangu. Haipendezi kama ilivyokuwa, ila imenyamaza.

Jambo moja ambalo siachi mteja alibishe ni paipu ya valvu ya usalama. Maji yakipashwa yanatanuka. Lita 50 kutoka baridi hadi nyuzi 60 zinaongezeka karibu robo tatu ya lita, na kwa kuwa valvu hairuhusu maji kurudi nyuma, lazima yadondoke mahali. Nimeshakuta nyumba ambapo mwenyewe aliziba tundu hilo kwa gunzi la mahindi, eti maji yanapotea bure. Bosi, hilo ni bomu umelitegea watoto wako. Kwa Mwalimu nilitoboa ukuta wa nje, nikapitisha paipu yenye mteremko mwanzo hadi mwisho, mdomo wake uko wazi juu ya mfereji wa uani, mahali ambapo mtu anayefua ataona ikianza kumwaga badala ya kudondoka.

Umeme sikugusa. Alikuja fundi wa stima mwenye leseni, akavuta waya mpya wa milimita 2.5 na swichi yake nje ya kabati, maana waya wa zamani ulikuwa umeanza kuyeyuka. Mimi nilichosimamia ni maji kwanza: fungua bomba la moto, liteme hewa likohoe mpaka litiririke sawasawa, ndipo uwashe. Elementi ikiwaka bila maji inaungua mara moja, na hakuna duka litakalokurudishia pesa.

Mwalimu alikaa mbele ya mita ya tokeni na daftari. Elementi ya kilowati 1.5 ilichukua saa moja na dakika arobaini hivi kupasha tangi zima, karibu yuniti mbili na nusu. Akaandika. Kisha akauliza kama maji hayo ya moto yanaondoa floraidi, maana kila mtu aliyekulia huku anajua meno ya kahawia yanatoka wapi. Hapana. Hata ukichemsha yakapungua nusu, floraidi inabaki yote ndani ya ile nusu. Nikamwambia pia asichukue maji ya chai humo.

Lile boksi nililitundika kwa msumari nyuma ya mlango wa kabati, na juu yake nimeandika mwezi wa kuja kuangalia anodi. Wiki iliyopita nilipita kuona kama padondokapo pako sawa. Nikafungua mlango. Zile sentimita 70 nilizopigania chini ya hita zimejaa gunia la mahindi na neti mbili za vitunguu, vimepangwa vizuri kabisa, hakuna hata pa kuingiza kiganja.

"Mwalimu, hapa tulikubaliana pawe wazi."

"Patakuwa wazi siku ukija kufanya kazi," akasema. "Si utanisaidia kubeba?"