Usiingie na vijidudu vyako

Bwana Yesu asifiwe sana wapendwa. Najua niliahidi wiki hii tuendelee na somo la uvumilivu, ila ukweli ni kwamba uvumilivu wenyewe sina, nina hasira tangu juzi, nimeiombea imepungua nusu tu, hiyo nusu nyingine nimeona niilete hapa hapa.

Kijana wetu mmoja aliuliza swali kwenye kipindi, tena kwa adabu kabisa. Akasema mama, hivi wakikuta kitu chenye uhai kule kwenye mwezi wa sayari ya Mshtarii, ule wanaouita Europa, Yesu atakuwa amekifia na chenyewe? Kabla sijafungua mdomo mtu mzima mmoja akadakia, hayo ndo maswali ya watu walioacha kuomba. Watu wakacheka. Kijana akafunga Biblia yake akaisukuma chini ya kiti na mpaka tunamaliza hakuinua uso.

Sasa tuanze na swali, maana ni swali zuri na mimi nimelala nalo siku kadhaa. Europa ni mmoja wa ile miezi minne ambayo Galileo, yule mtaalamu wa nyota, aliiona kwa darubini yake mwaka 1610, ni mdogo kidogo kuliko huu mwezi wetu, umefunikwa barafu mwili mzima, na wataalamu wanaamini chini ya hiyo barafu kuna bahari ya chumvi yenye maji mengi kuliko bahari zetu zote zikijumlishwa. Oktoba 2024 NASA, shirika la anga la Marekani, walirusha chombo kinaitwa Europa Clipper kwenda huko, kinatarajiwa kufika 2030, na hakiendi hata kutafuta samaki jamani, kinaenda kuangalia kama mazingira yanaruhusu uhai, basi. Kitapita karibu na Europa mara 49 kisha kinakimbia, kwa sababu mionzi ya Mshtarii ni mikali, kikikaa hapo moja kwa moja mitambo inaungua.

Kwa hiyo tunachozungumzia ni vijidudu, na hata hivyo vijidudu bado hakuna aliyeviona. Mimi sioni vinavyoweza kung'oa hata msumari mmoja pale msalabani. Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba vitu vyote viliumbwa katika Yeye, vinavyoonekana na visivyoonekana, hajaweka mpaka kwamba mwisho ni mawinguni. Na wale mnaokimbilia Yohana 10 kwenye "kondoo wengine", hapana, pale Bwana anaongelea mataifa, yaani mimi na wewe, tusilazimishe andiko. Kingine ambacho wengi hatukijui, mwaka 1277 askofu wa Paris alitoa orodha ndefu ya mafundisho aliyoyakataza, na moja lilikuwa la wasomi waliodai Mungu hawezi kuumba dunia zaidi ya moja. Askofu akasema hapana, msimwekee Mungu mipaka. Huyo ni mtu wa kanisa, miaka zaidi ya 300 kabla ya darubini ya Galileo, na leo sisi mtoto akiuliza tu tunamcheka.

Lakini sio hapo hasa ninapotaka kukaa. Katika kusoma soma ili nimjibu huyu kijana nikakutana na jambo la chombo kingine, Cassini, na limenikamata.

Cassini kilifika kwenye sayari ya Zohali mwaka 2004. Kikakaa huko miaka 13 kinazunguka. Zohali nayo ina mwezi mdogo mno, Enceladus, upana wake kama kilomita 500 tu, na Cassini ndo kilichogundua kwamba kule upande wa kusini barafu yake ina nyufa zinazorusha maji juu angani. Wakakipitisha ndani ya yale maji yanayoruka, kikaonja, wakakuta chumvi, wakakuta na kemikali ambazo viumbe hai wanazihitaji. Mafuta yalipokaribia kuisha wakawa na uamuzi wa kufanya. Wakikiacha kizurure bila mafuta, siku moja kinaweza kuangukia Enceladus, na chombo kilichotengenezwa na mikono ya watu kinaweza kuwa bado kimebeba bakteria wa duniani, wale wagumu wasiokufa ovyo. Basi Septemba 15, 2017 wakakielekeza makusudi ndani ya Zohali yenyewe kikaungua. Kilikuwa bado kinatuma taarifa mpaka dakika ya mwisho, na kwa sababu ishara inachukua zaidi ya saa nzima kufika huku, wale waliokuwa wameikodolea macho ile alama kwenye skrini walikuwa wanaangalia kitu ambacho kimeshateketea. Watu wazima wakakumbatiana wanalia. Na chombo kingine kilichopewa jina la yule Galileo walikifanyia vivyo hivyo mwaka 2003, wakakizamisha ndani ya Mshtarii ili kisije kikaichafua Europa.

Wamechoma kazi ya maisha yao kwa ajili ya kiumbe ambacho hawajui hata kama kipo!

Na hawasubiri mwisho. Kabla chombo hakijaondoka wanavaa nguo nyeupe mpaka machoni, wanapangusa vyuma kwa vijiti vya pamba, wanapeleka maabara kuhesabu vijidudu vimebaki vingapi. Zile Viking mbili, mashine zilizotua kwenye sayari ya Mirihi 1976, waliziingiza kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100 kwa saa nyingi, yaani walizioka. Hofu yao kubwa ni moja, kwamba utafika kule, utachota udongo, utakuta uhai, utashangilia dunia nzima isikie, kumbe ni bakteria wako uliyetoka naye nyumbani.

Wapendwa, hapo ndo niliposimama nikashindwa kuendelea kusoma. Baba zangu, mama zangu, nawaheshimu na nitasema tu. Ni mara ngapi tunaingia kwenye roho ya mtu hatujapangusa chochote? Umetoka nyumbani umegombana, umekuja na uchungu wako wa miaka, na hofu zako, na kiburi cha kuokoka zamani, unamkanyaga binti wa watu na buti hizo hizo halafu unatuambia nimeona roho ya uasi ndani yake. Umeiona kweli? Au umeichota uliyoileta wewe? Imani ya mtoto ikiwa bado changa huwezi kuiona kwa macho, iko chini ya barafu huko, pengine dalili pekee uliyopewa ni kaswali kamoja kametoka kwenye ufa, na wewe badala ya kuvua viatu unacheka. Tumesoma wote Mathayo 18, habari ya jiwe la kusagia shingoni, tunaisoma kama inawahusu watu wa nje. Isaya anasema mwanzi uliopondeka hatauvunja, na utambi utoao moshi hatauzima. Sisi tunaumwagia maji ndoo nzima, tena tunaita ni kukemea.

Mimi nilikuja kwa Bwana na maswali mengi kuliko sala, na kuna mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho akasema hilo silijui mwanangu, kaa hapa tule kwanza. Nilikaa. Angenicheka siku ile, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Kwa wiki hii someni Ayubu 38 mpaka 42, msiruke. Mungu anamuuliza Ayubu habari za nyota za Kilimia na Orioni, anamuuliza mbuzi wa mwituni wanazaa lini, anamnyenyekeza kweli kweli. Ila fikeni 42 mstari wa 7 muone hasira yake iliwaka kwa nani. Iliwaka kwa wale marafiki watatu waliokuwa na majibu tayari, waliojifanya mawakili wa Mungu sura baada ya sura, ndo wakaambiwa wachukue ng'ombe saba na kondoo waume saba, waende kwa huyo huyo waliyekuwa wanamsema, awaombee.