Siku moja maishani mwangu: fundi wa matenki ya samaki, Dar

Saa 12 asubuhi
Kabla ya chai naenda uani kucheki ndoo. Tangu jana asubuhi zimejaa maji ya bomba, nimeziacha wazi na pampu ya hewa imepiga mapovu humo muda wote. Maji ya bomba yana klorini, inachoma matamvua ya samaki afu inaua na bakteria wazuri wanaokaa kwenye filta. Ukiyaacha wazi siku nzima klorini inapaa, na kama una haraka kuna dawa ya matone, sodiamu thayosalfeti, inaimaliza ndani ya dakika chache.

Saa 2
Sinza. Dada mmoja kanipigia jana analia, goldifishi wake wanakufa mmoja mmoja na hajui kosa lake nini maana maji meupe kabisa, hayana hata harufu. Tenki la lita 40, kanunua Jumamosi, Jumamosi hiyohiyo kajaza maji na kuweka samaki saba. Duka lililomuuzia halikumwambia kitu, na hili ndo linaniuma kuliko yote kwenye kazi hii.

Samaki anatoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia pia. Ziwani inapotea, kwenye tenki haina pa kwenda, inabaki pale inamuunguza na kwa macho huioni. Tenki lililokaa vizuri lina bakteria, kundi moja linageuza amonia kuwa naitraiti ambayo nayo ni sumu, kundi lingine linaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo haina ukali huo na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria hawaji kwa siku moja jamani, ni wiki 4 mpaka 6! Tenki jipya halina hata mmoja.

Nimepima kwa matone ya kupimia amonia, inatakiwa iwe sifuri, rangi ikaja kijani iliyokolea, yaani amonia imejaa. Nimetoa theluthi ya maji nikaweka ya kwenye ndoo zangu, nikampa sponji kuukuu kutoka filta ya tenki langu la nyumbani maana bakteria wanahamia nayo, nikamwambia alishe kidogo sana na abadilishe maji kidogo kila siku mpaka kipimo kitulie. Na goldifishi wakikua lita 40 haziwatoshi, nimemwambia wazi atafute tenki kubwa.

Saa 5
Ofisi moja Posta. Hapa tatizo ni upendo, kila anayepita anawatupia chakula. Nimebandika karatasi: analisha mtu mmoja, mara moja kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili basi. Halafu sponji ya filta ilikuwa imeoshwa kwa sabuni ikang'aa, bakteria wote kwisha. Sponji inasuuzwa kwenye ndoo yenye maji yaliyotoka kwenye tenki lenyewe, ikibaki na ukahawia wake ndo vizuri.

Saa 8
Wali maharage Kariakoo, haraka haraka.

Saa 9 na nusu
Mikocheni kwa mzee mmoja, shikamoo, marahaba, na kutoka hapa huwa sifurahii. Ana Tropheus wa Ziwa Tanganyika, weusi wenye mkanda wa njano, wanashinda wanafukuzana kwenye mawe. Watu wengi mjini wanadhani samaki wazuri lazima watoke nje, kumbe wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawatafuta hawa wa kwetu, na mbuna wa Ziwa Nyasa wanajulikana dunia nzima kwa jina hilohilo la mbuna.

Ila wana masharti yao. Maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH inakaribia 9, yaani hayana asidi, kwa hiyo usiwachanganye na neoni tetra ambao kwao Amazoni maji ni laini na yana asidi, mmoja wao atateseka tu. Na Tropheus anakula mwani unaoota kwenye mawe, utumbo wake mrefu. Mjukuu kawapa minyoo ya kugandishwa kwa nia nzuri kabisa, leo mmoja kavimba tumbo, hali, kajificha pembeni. Nimemtenga. Waliobaki ni chakula cha majani tu, na robo ya maji inabadilishwa kila wiki.

Saa 3 usiku
Umeme umekatika na simu zimeanza. Joto hili la Dar linaongeza shida, maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 zinabaki 7 na nusu hivi, na pampu ikizima samaki wanapanda juu wanahema. Mama mmoja wa Tabata nimemwelekeza kwenye simu: mama, usiwalishe, fungua mfuniko, chota maji ya humohumo kwa jagi uyamwage kutoka juu, rudia rudia mpaka watulie, kesho nakuletea pampu ya betri. Na umeme ukikaa masaa mengi usiwashe filta hivihivi, bakteria waliokosa hewa wameshaanza kufa na ule uchafu utarudi wote kwa samaki, suuza sponji kwanza kwenye ndoo ya maji ya tenki ndo uwashe.