Siku ya mkutubi anayemgawa Adam Shafi mtaani

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya mlango kufunguliwa, hukagua nakala zilizorudi jana. Katika rafu ya Adam Shafi, mwandishi wa riwaya wa Zanzibar, Vuta N'kuvute ndiyo inayochakaa mbele ya zote: inagombewa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na watu wazima nao hawaiachi. Mgongo huachia, kurasa za mwanzo huchomoka. Dawa yake ni gundi nyeupe ya maseremala. Ile ya kukausha papo hapo hugeuka ngumu na kukatika kitabu kinapofunguliwa. Pakaza nyembamba kwa kijiti, weka kipande cha nailoni ndani ya jalada pande zote mbili, bana kati ya mbao mbili na kuziwekea uzito, acha hadi kesho. Gundi ikizidi, hupenya katikati ya kurasa, na ukijaribu kuzibandua unang'oa maandishi.

Saa 3. Wanafunzi wanaingia. Shikamoo, kisha swali lilelile: "Mwalimu, uchambuzi upo?" Upo, na hatuwanyimi. Ila kwanza wanakaa kwenye benchi na kusoma sura ya kwanza ya riwaya yenyewe. Uchambuzi utawaambia kwamba Yasmin kaozwa mume mzee asiyemtaka, Bwana Raza. Hautawasikilizisha sauti ya Mwajuma, shoga yake, wala hautawaonyesha kwa nini nyumba ya Mwajuma kule Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, inampa binti huyu pumzi ambayo nyumba ya Bwana Raza haikumpa. Hata kwenye mtihani tofauti huonekana: aliyesoma hutaja tukio, mahali na mhusika, aliyekariri hutaja dhamira ikamwishia hapo. Mara nyingi muda wa kurudi darasani ukifika, kuna anayeomba kuondoka na kitabu. Raha ya kazi hii yote iko hapo.

Saa 5. Wakati huu huja watu wazima, na ndipo panapohitaji akili. Wengi hudhani mwandishi husomwa kwa mpangilio wa miaka: Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Kuli (1979), Vuta N'kuvute (1999), Haini (2003), kisha Mbali na Nyumbani (2013). Mimi sikubaliani. Kitabu cha kwanza kikimshinda msomaji, cha pili hakifungui.

Anayefanya kazi ya mikono, hasa wabeba mizigo, nampa Kuli. Rashidi ni kuli wa bandarini Unguja, na riwaya inaelekea kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Msomaji anayejua uzito wa gunia haelezwi chochote. Anaanza kuhukumu mwenyewe kama mwandishi kapatia. Anayependa mapenzi yaliyochanganyika na siasa, au aliyesikia habari za filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, anapewa Vuta N'kuvute, naye kijana Denge na harakati zake za kupinga ukoloni watamkalisha macho. Kasri ninaiweka ya pili au ya tatu. Mhusika aitwaye Kijakazi anamtumikia bwana wake kwa moyo mmoja huku akionewa, na msomaji mgeni humkasirikia, akaacha kusoma kabla hajaona mwandishi anajenga nini.

Haini haitoki bila maneno mawili matatu mezani. Inahusu kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Karume wa Zanzibar, Aprili 1972, na mateso ya gerezani yameandikwa bila kufunikwa. Kwangu ndiyo kazi yake nzito kuliko zote. Kwa hiyo nauliza kwanza: umeshamsoma huyu? Uko katika hali ya kuhimili? Akisita, nampa Mbali na Nyumbani, safari ya ujana wake mwenyewe, na Haini inangoja.

Saa 7. Chakula, sala, mlango unafungwa kidogo.

Saa 8. Maandalizi ya kikao cha jioni cha wasomaji wa Vuta N'kuvute. Wasomaji wa bara hukwama kwenye maneno ya Unguja, wakayaruka, na mzaha wote ukawapita. Naandika maneno kumi tu ya sura za leo kwenye kadi, maana zake nikizitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Yakizidi hapo kikao hugeuka darasa. Ubaoni nachora Mji Mkongwe upande mmoja, Ng'ambo upande wa pili. Asiyejua nani aliishi wapi enzi za ukoloni hatatambua Yasmin amevuka nini alipohama.

Saa 10:30. Watu wanane hadi kumi na wawili, saa moja na nusu, sura tatu. Dakika kumi za mwanzo mmoja anasoma kwa sauti, kurasa mbili zenye mazungumzo, maana Adam Shafi anapendeza zaidi masikioni. Hata asiyemaliza sura zake hupata pa kushika. Kisha swali moja, la kubishaniwa: Je, Mwajuma alimsaidia Yasmin au alimponza? Swali la "mwandishi anatufundisha nini" linaua kikao, kwa sababu kila mtu huanza kujibu kama yuko mbele ya msahihishaji.

Mambo mawili huharibu. Kuna msemaji mmoja anayemeza muda. Tunazungusha zamu, na aliyekwisha kusema husubiri duara limalize. Na kuna anayefichua mwisho. Kwake tuna kanuni kali: hakuna kutaja sura iliyo mbele ya leo, na filamu haizungumzwi kabisa mpaka ukurasa wa mwisho usomwe.

Saa 12 jioni. Daftari la kuazima: jina, namba ya nakala, tarehe ya kurudisha, siku kumi na nne. Pembeni nimeongeza safu moja, "nani kakwambia usome hiki?" Majirani, shemeji, dereva wa bodaboda. Kwa safu hiyo najua nakala ya Kuli imeingia nyumba gani kabla haijarudi, na nani wa kupigiwa simu Vuta N'kuvute iliyobanwa leo asubuhi ikishakauka.