Nilivyoruhusu simu ya papo kwa papo kwenye mchezo wetu wa anga

Nafundisha fizikia sekondari hapa Mtwara mjini, na wikiendi huwa naongoza mchezo wa kuigiza wa mezani kwenye baraza moja Shangani. Kwa asiyeujua: mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na jambo lenye mashaka linaamuliwa na dadu. Wetu ni wa anga za mbali, wenye chombo cha mizigo kilichochoka, nahodha mwenye madeni na sayari ambazo kila moja ina wenyewe. Sheria nyingi tuliziazima kwenye Traveller, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1977, nikaziandika upya kwa Kiswahili kwenye kaunta buku.

Katika Traveller hakuna simu ya kutoka nyota moja hadi nyingine. Chombo kinaruka kutoka jua hili hadi lile, safari inachukua kama wiki moja, na habari haiendi kasi kuliko chombo kilichoibeba. Vipo vyombo vya posta vinavyopokezana barua, lakini navyo vinaruka kwa wiki ileile.

Wachezaji wangu hawakuipenda sheria hiyo hata kidogo. Aliyeanza ni karani wa chama cha msingi cha wakulima, mtu ambaye msimu wa korosho anashinda na mizani na stakabadhi. “Ticha,” akasema, “watu wanaoweza kuruka nyota kwa nyota wanashindwaje kupiga simu?” Wengine wakamuunga mkono. Kumkatalia ilikuwa rahisi, msimulizi ndiye mwenye daftari. Ila nilikuwa na hamu ya kuona, nikiiruhusu hiyo simu, ni sheria zipi zitaanguka na zipi zitabaki zimesimama.

Biashara ndiyo ya kwanza kuanguka. Kwa sheria za zamani unanunua mzigo hapa bila kujua bei ya kule. Ukifika ndipo unarusha dadu, bei inajulikana, unacheka au unalia. Sasa tia simu. Bei ya kule inabidi irushwe kabla hujanunua, maana mchezaji atauliza kwanza. Hakuna atakayenunua mzigo wa hasara, na punde bei za sayari zote zinakaribiana, kinachobaki ni nauli. Karani aliliona hilo kabla sijamaliza sentensi. Alisema kangomba, yule mlanguzi anayenunua korosho kwa bei ya kutupa, anaishi pale ambapo mkulima hajui bei, au anaijua lakini ana shida ya leoleo. Ukimpa simu umemwondolea ile shida ya kwanza tu, ya pili iko palepale. Nikaiandika pembeni ya daftari, na baadaye nikaitumia: kwenye sayari zetu kila mtu anajua bei, lakini kuna wanaouza chini yake kwa sababu wana deni. Wachezaji wakawa wanatafuta mwenye shida badala ya kutafuta bei. Sijui kama hilo ni maendeleo.

Ya pili ni kukimbia. Mhalifu wa dunia isiyo na simu yuko mbele ya habari zake kwa wiki nzima, akifika bandari mpya ni mtu safi. Mwenye simu anashuka ngazi anawakuta askari na picha yake. Hapo sina la kuongeza, kila aliyewahi kudaiwa analielewa.

Ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi: nani anaamua? Nahodha ambaye jibu la bosi wake linachukua miezi ni mtu mzima, anaamua mwenyewe na anabeba mzigo wa uamuzi wake. Nahodha mwenye simu ni dereva tu. Tulijaribu, na mchezo ukageuka kikao cha kuniuliza mimi. “Tupige makao makuu tuulize.” Makao makuu ni mimi. Wanauliza, najibu, wanafanya. Binti mmoja wa chuo cha ualimu, mwepesi wa hesabu kuliko wote, akamalizia kabisa: kama ishara inafika papo hapo, kwa nini tusikae zetu Mtwara tukaendesha roboti huko nyotani? Hakuna wa kufa, hakuna wa kutekwa, hakuna mchezo.

Vita navyo nilivipigia hesabu. Mwanga unakwenda kilomita 299,792 kwa sekunde. Adui akiwa umbali wa kilomita 300,000 hivi, unamwona alipokuwa sekunde moja iliyopita, na miale ya silaha yako itachukua sekunde nyingine kumfikia. Jumla sekunde 2. Kama injini yake inamsukuma kwa nguvu sawa na mvutano wa dunia, mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, katika muda huo amehama mita 20 hivi kutoka pale ulipodhani atakuwa. Chombo cha mita 40 utakipata tu. Umbali ukiwa mara tano, muda ni sekunde 10, naye amehama mita 490: umepiga hewa tupu. Sasa mpe mpigaji rada inayopita kasi ya mwanga. Wengi hudhani kuchelewa kumekwisha. Kumekatika nusu tu, kwa sababu unamwona sasa hivi lakini miale yako bado inachukua sekunde 5, na katika hizo amehama mita 122. Kwa hiyo niliweka adhabu ya kutoa 1 kwenye jumla ya dadu kwa kila sekunde ambayo mwanga unachukua kumfikia adui, na mwenye rada hiyo anabeba nusu. Tunarusha dadu mbili za pande sita na unahitaji 8 kwenda juu, yaani nafasi 15 kati ya 36. Adhabu ya 2 inakushusha hadi nafasi 6. Wachezaji walianza kusogeleana kabla ya kupigana, jambo ambalo mezani ni tamu zaidi kuliko kurushiana mioto kwa mbali.

Halafu kuna lile ambalo mwalimu wa fizikia hawezi kujifanya halioni. Ishara ikipita kasi ya mwanga, inawezekana tokeo likatangulia chanzo chake. Einstein mwenyewe aliligusa mwaka 1907. Vyombo viwili vinavyoachana kwa kasi kubwa havikubaliani kuhusu kipi ni “sasa hivi” cha mahali pa mbali. Kila kimoja kikituma ishara ya papo hapo kwa saa yake, jibu linaweza kufika kabla ya swali. Binti wa chuo alilichora kwenye karatasi, mistari miwili na mshale, kisha akaomba kujitumia bei ya mnada wa kesho. Mezani kila mtu alimgeukia karani, naye akawa ameshachukua kalamu. Kuna aliyejaribu pia kunipitisha kwenye njia ya chembe pacha za kwantamu. Nilimkatalia mapema. Chembe hizo zinaoana hata zikiwa mbalimbali, kweli, lakini huwezi kuzitumia kupeleka hata herufi moja.

Dawa ya jibu kutangulia swali ipo, na si ngumu. Ukisema ishara zote za aina hiyo zinafuata saa moja ya pamoja, na kwa saa hiyo zinakwenda mbele tu, basi hakuna mchoro utakaorudisha ujumbe jana. Unachopoteza ni lile wazo kwamba hakuna saa iliyo bora kuliko nyingine. Darasani nisingethubutu kulipoteza. Barazani nililiuza bila kuomba radhi.

Hiyo ndiyo iliyonipa minara. Ishara inatumwa kutoka mnara hadi mnara tu, minara yote inafuata saa moja, na chombo kikiwa safarini hakina simu. Unataka kupiga? Nenda mnarani. Lakini bado tulikuwa na tatizo la roboti na la makao makuu, na jibu lake nililikuta Mei 2024, mwezi ambao sisi wa kusini tulikatwa pande zote. Kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara ya Dar kule Somanga, na tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika. Picha hazifunguki, video ndiyo usahau. Ila meseji za kawaida zilipita, na kwa hizo watu waliulizana hali, walipatana bei, waligombana. Mji uliendelea na shughuli zake kwa maneno machache machache.

Nikaelewa kwamba nilikuwa nabishana na wachezaji kuhusu kasi, na kasi haikuwa na ubaya wowote. Nikawaachia yote, papo kwa papo kama walivyotaka, nikabana ukubwa wa ujumbe. Herufi 40. Hakuna sauti, hakuna picha, na mnara mmoja unatuma ujumbe mmoja kwa zamu. Wenye telegramu zamani walihesabu maneno, lakini kwa Kiswahili hesabu hiyo ni hasara kwa mwenye mnara, maana “wameshatunyang’anya” ni neno moja na habari yote imo. Roboti ikafa siku hiyohiyo: hakuna anayeendesha mashine kwa herufi 40.

Makao makuu nao wakawa watu wa mbali tena. Ujumbe unaandikwa kwenye kipande cha karatasi, unanipa, nasoma kama angesoma mtu asiyejua lolote. Siku moja nahodha alikuwa amekwenda mjini kutafuta vipuri na funguo za ghala la mzigo alikuwa nazo yeye. Wakaandika: NAHODHA HAYUPO MZIGO ANAO. Herufi 22, wakajisifu kwa kubana matumizi. Wenye mzigo walisoma kilichoandikwa, nahodha katoroka na mali, wakatuma hati ya kumkamata kwenye minara yote. Jioni nzima iliisha kwa kumsafisha jina, herufi 40 kwa 40, na kila moja kwa fedha. “Ticha umetuonea,” akalalamika mwenye kuigiza nahodha. Nikamrudishia karatasi yao aisome kwa sauti.

Minara pia ina ukingo, na ukingoni ndiko ninakoweka visa vyangu vizuri. Hili nimelichukua Mikindani, hapo jirani. Livingstone, yule mmisionari mpelelezi kutoka Uingereza, alishuka Mikindani Machi 1866, akaelekea bara kwa njia ya Ruvuma. Kabla mwaka haujaisha, wapagazi wake wa Nzwani, kisiwa cha Komoro, waliomtoroka karibu na Ziwa Nyasa walifika Unguja wakasema ameuawa. Uingereza ilituma msafara mwaka 1867 kwenda kuhakikisha, na ukagundua ni uongo. Waya wa telegramu kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879. Hata kama ungekuwepo tangu 1866 usingesaidia: uongo wa Ziwa Nyasa ungepita kwenye waya na kufika London mapema zaidi, na kuukanusha kungesubiri mtu wa kwenda kwa miguu. Kisa chetu kimefuata hivyohivyo. Mabaharia wanafika mnara wa mwisho wanatangaza kifo cha mtafiti, habari inaenea nyota zote kabla ya chai, urithi unagawanywa, mjane anachumbiwa. Kazi ya wachezaji ni kuruka wiki tatu zaidi ya ukingo na kurudi na ukweli ambao tayari hakuna anayeutaka. Ni kisa bora kuliko vyote nilivyowahi kuongoza, na kisingewezekana bila simu. Kwenye sheria za zamani uongo na ukweli vinapanda chombo kilekile.

Kwa msimulizi anayetaka kujaribu, ningemwambia aamue mapema nani anamiliki minara. Yetu ni ya kampuni moja ya biashara, karani wa mnara anasoma kila kitu, na ujumbe wa bei ukipita kampuni inaujua kabla ya mpokeaji. Kwa hiyo mashindano ya bei yakarudi kwa mlango wa nyuma: wachezaji wanapigania kuficha.

Karani wetu, yule wa korosho, ndiye aliyekuja na kitabu cha siri. Ameandika kurasa kadhaa, herufi tatu kwa sentensi nzima: KBA ni “nunua chochote chini ya bei ya mnada”, KBE ni “usinunue, kuna mtu anatusikiliza”. Wafanyabiashara wa enzi za telegramu walikuwa na vitabu vya namna hiyohiyo, kwa sababu hiyohiyo ya gharama, kwa hiyo sikuwa na haki ya kumkataza. Herufi 40 zimekuwa sentensi 13 na herufi moja ya kubaki. Sharti nililoweka ni kwamba kitabu ni kitu halisi, kiko nakala mbili, moja chomboni na moja makao makuu, na anayekitunza chomboni lazima atajwe kwa jina la mhusika mwanzoni mwa kila kikao. Nakala ya chomboni imeshaibiwa. Mwizi ni mmoja wao, aliniandikia kwenye karatasi yake bila wenzake kuona, na ametumia KBE mara mbili.