Ninavyopima kinga ya SSH kwa jaribio badala ya imani

Kabla ya kugusa mpangilio wa usalama wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali), naandika kwanza sentensi moja ambayo matokeo yanaweza kuipinga. "Kuhamisha SSH kutoka poti 22 kunaongeza usalama" (poti ni mlango wa mtandao wenye namba, na 22 ndio wa kawaida wa SSH) haifai, kwa sababu hakuna namba itakayoikanusha. Naiandika hivi: "SSH ikihamia poti 40222, majaribio ya kubahatisha nywila yatapungua kwa asilimia 90 au zaidi kuliko kwenye seva isiyoguswa." Kiwango hicho nakipanga mapema, maana ukishaziona namba kinaanza kulegea chenyewe.

Seva ni mbili: toleo lilelile la Linux, anwani za IP za mtandao mmoja, saa za UTC zilizosawazishwa kwa NTP (huduma ya mtandao ya kulinganisha saa). Moja inabaki ilivyo. Bila hiyo, boti (programu zinazobahatisha nywila zenyewe) zikipumzika wiki hiyo, sifa zote zitaiendea poti mpya. Katikati ya jaribio nazibadilisha nafasi, ili nijue kama tofauti inatokana na poti au na anwani yenyewe.

Wengi huteleza kwenye kuhesabu. `grep -c "Failed password"` kwenye auth.log, faili la kumbukumbu za kuingia, huhesabu mistari, wala si majaribio. rsyslog, programu inayoandika kumbukumbu hizo, ikiwashiwa ubanaji wa mistari inayojirudia, huandika "message repeated 5 times", na majaribio matano yanahesabiwa kama moja. Tena faili lenyewe huzungushwa, kwa hiyo data ya zamani iko kwenye faili jingine. Mimi nasoma kwa `journalctl`, amri ya kusoma kumbukumbu za mfumo, yenye `--since` na `--until` za kutaja mwanzo na mwisho wa kipindi.

Hata sentensi ile ikisimama, kilichothibitishwa ni kupungua kwa kelele tu. Anayeskani poti zote atakuta SSH palepale. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, alishasema mwaka 1883 kwamba usalama wa mfumo wa siri usitegemee kufichwa kwa mfumo wenyewe. Ndiyo maana jaribio lenye uzito kwangu ni la pili: kuzima nywila na kubaki na funguo (mafaili ya siri kwenye kompyuta yako yanayothibitisha kuwa ni wewe).

Hapa kuna mtego. Unaandika `PasswordAuthentication no` kwenye sshd_config, faili la mipangilio la sshd (programu ya SSH kwenye seva), unawasha huduma upya, na nywila bado zinakubaliwa. sshd hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na kwenye Ubuntu mafaili ya folda ya sshd_config.d husomwa kabla; faili la cloud-init (programu inayoandaa seva mpya za wingu) humo linaweza kuwa na `yes`. Kwa hiyo siliamini faili. Naendesha `sudo sshd -T | grep -i passwordauth`, inayoonyesha thamani inayobaki baada ya mafaili yote kusomwa, kisha kutoka kompyuta nyingine najaribu kuingia kwa `ssh -o PubkeyAuthentication=no`, yaani bila ufunguo, huku dirisha la kwanza likiwa bado wazi nisije nikajifungia nje. Jibu ninalolitaka ni "Permission denied (publickey)", yaani bila ufunguo huingii.

Kengele za uvamizi nazo nazipimia kwa hesabu kabla ya kuzisifu. Chukua matukio 1,000,000 kwa siku, 10 kati yake yakiwa ya hatari. Kigunduzi kinachonasa asilimia 99 ya hatari na kukosea asilimia 1 ya matukio salama kitapiga kengele 10,000 hivi za uongo. Ya kweli ni moja katika elfu. Makosa yakishuka hadi asilimia 0.01, za uongo zinabaki 100 hivi, na ya kweli ni moja kati ya 11. Kupandisha unasaji kutoka 99 hadi 99.9 hakungempunguzia mchambuzi hata kengele moja ya uongo.