Siku ya Majibu

Mama ndiye aliyeamua tuvuke kutoka Pemba kwenda Unguja, nikatibiwe. Karafuu zilikuwa zimejaa majamvini, na yeye si mtu wa kuziacha, lakini usiku mmoja tukiwa tunachambua aliniona nimesimamisha mikono, nimelaza kichwa ukutani. Harufu niliyokua nayo tangu utotoni ilikuwa inanipanda kichwani hadi nataka kutapika. Akaweka makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kando, akasema, "Basi. Tutakwenda."

Kichwa kilikuwa kinauma upande wa kushoto, kinagonga, na hata siku kilipotulia mwili ulibaki mzito kama nimebeba gunia. Skuli nilikuwa nikimaliza kipindi cha pili nakaa na chaki mkononi. Wanafunzi wangu walinyamaza wenyewe, Mungu awalipe.

Wete na Chake nilishapimwa kila kinachopimwa. Malaria hakuna, siku hizi imepungua sana visiwani, lakini kila nikienda huanzwa hiyo. Choo kwa safura, mkojo kwa kichocho, maana hayo Pemba tunayajua. Presha sawa. Damu ilionekana pungufu kidogo, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, damu ikapanda, uchovu palepale. Shangazi alileta kombe la zafarani, aya zilizoandikwa zikayeyushwa kwa maji, nikanywa. Nikaumikwa hijama. Sikukataa kitu, kwa sababu wote walikuja kwa huruma. Kilichonichoma ni minong'ono: mara ana mimba, mara ana jini, mara kazi haitaki.

Melini kutoka Mkoani mama alinifunika uso kwa kanga yake, maana mwanga wa bahari sikuustahimili.

Picha ya kichwa ilipigwa, ile ya kulala na kuingizwa kwenye mashine ya duara, tukaitwa kusikiliza majibu. Daktari kijana akaitazama, akasema, "Picha safi. Huna kitu." Mama akainua mikono: "Alhamdulillahi!" Mimi nikaangua kilio. Mama akadhani ni furaha. Uvimbe sikuutaka, Mungu aniepushe. Lakini hiyo "huna kitu" nilishaisikia mno, na kila mara nilirudi nayo nyumbani nikiumwa vilevile. Sasa hata mashine imekuwa shahidi wa wale wanaosema najitia.

Kwenye meza ya pili alikuwapo daktari wa kike, mtu mzima. Akasogeza kiti chake.

"Mwalimu, picha hii inatafuta uvimbe na damu iliyovuja. Maumivu haiyaoni. Kipanda uso, yaani kichwa kinachouma kwa kugonga na kurudi mara kwa mara, hakionekani kwenye picha."

Akaniuliza ambayo sijapata kuulizwa: mwanga unanisumbua? Harufu? Kinazidi karibu na hedhi? Nalala vipi? Panadoli nameza siku ngapi kwa mwezi? Akaeleza kuwa zikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi, zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa. Kisha akamgeukia mama. "Na wewe mama, kwenu yupo aliyekuwa akiumwa hivi?"

Mama alikaa kimya. "Mama yangu," akasema. "Alikuwa anajifunga kichwa kwa kanga, anafunga madirisha, hataki hata kuitwa. Tukiambiwa ana shetani." Akanitazama. Miaka yote ile hakuwahi kunisimulia.

Daktari hakusema amepata jibu, na nilimwamini zaidi kwa hilo. Alisema kipanda uso kinaweza kueleza kichwa, hurithiwa pia katika familia, lakini uchovu wa kila siku hataki kuubandika hapo kwa haraka. Akaniandikia damu ya kupima tezi ya shingo, dawa ya kiwango kidogo ya kumeza usiku ili kichwa kisije mara kwa mara, na akaniambia ninunue daftari: saa kinapoanza, nilichokula, usingizi, dawa niliyomeza. Nirudi nalo.

Daftari tulinunua Darajani, mama akalipa.

Tuliporudi, jirani alikuwa anatusubiri barazani. Hakuniuliza mimi, alimuuliza mama: "Haya, kaonekana na nini?"

Niliinamisha uso nikingoja aseme hakuna kitu, alhamdulillahi.

"Mwanangu anaumwa," mama akasema. "Bado wanamtafutia. Na karafuu msimu huu hachambui, tafadhali mwambie na mumeo, nahitaji watu wa kunisaidia."